Msimu Mama Noh Aliponyamaza

Oktoba 9, Alhamisi. Asubuhi ukungu, mchana jua.

Leo ni sikukuu ya taifa ya kuenzi herufi za lugha yetu. Nimetundika bendera langoni kama ipasavyo. Majirani wengi hawakutundika. Nilistaafu ualimu wa lugha zamani, lakini herufi hazistaafu.

Mchungaji Tak amepita kuniomba shairi la Jumapili ya Shukrani ya Mavuno, kama kila mwaka. Nimemwambia litakuwa tayari. Kisha nikamuuliza ni nani atakayeomba sala ya shukrani.

"Ni zamu ya Mama Noh," akasema.

"Umeshamwambia?"

Akakuna shingo. "Nilidhani, Mzee, kwa kuwa ninyi ni majirani..."

Mama Noh ana cheo cha Mfariji, ambacho kanisa letu huwapa wanawake wazima waliokomaa katika imani, ili watembelee wagonjwa na wafiwa. Ameiinua kwa sala nusu ya bonde hili. Wakati wa kupanda mpunga mwaka huu, trekta lilipinduka kwenye tuta la shamba na kumuua Jaeu, mwanawe wa pekee. Tangu siku ile hajaomba. Huja kanisani kila alfajiri, huketi mahali pake, hufumba mdomo. Sisi wengine huomba kwa sauti, kila mtu lake, wote kwa pamoja, na katika kelele ile pengo la sauti moja husikika. Mimi nalisikia zaidi kwa sababu naketi nyuma yake, na sauti yake ndiyo iliyokuwa ikiifunika yangu.

Nimemwambia Mchungaji nitalishughulikia. Mtu aliyeacha kusema hurudishwa kwa maneno mazuri yaliyopangwa vizuri.

Oktoba 12, Jumapili. Mawingu.

Mahubiri marefu. Viazi vitamu vya chakula cha mchana havikuiva.

Oktoba 19, Jumapili. Upepo mkavu.

Baada ya ibada nimemkuta Shemasi Eom jikoni mwa kanisa akiosha kabichi za kuchachusha kimchi, achari yetu ya pilipili, na ulimi wake ukiosha watu.

"Mzee Pyo, kusema kweli, mtu aliyenuna miezi yote hii atatuongozaje kushukuru? Si tutalia wote badala ya kufurahi? Mimi naweza kumpokea zamu. Sijisifu, lakini sala zangu watu wanazipenda."

"Zinapendwa kwa sababu zinakwisha," nikasema. "Lakini zamu si yako."

Akacheka, kwa maana Eom hana kinyongo. Kasoro yake ni kwamba hajui kukaa na ukimya. Kwake ni sufuria tupu, lazima atie kitu.

Oktoba 23, Alhamisi. Jalidi ya kwanza.

Jalidi, ule umande ulioganda, ikianguka, bonde lote huanza kumenya persimoni. Mke wangu ameamka na kisu mkononi. Tunda la hapa, likiwa bichi, hukaza ulimi hata usiweze kulimeza. Likimenywa na kutundikwa kwenye upepo hadi majira ya baridi, ukali hugeuka sukari. Nani asiyeona kwamba Mungu aliliumba liwe shairi?

Nimeliandika leo asubuhi kwa utaratibu wetu wa kale wa mistari mitatu: wa kwanza unafungua, wa pili unabeba, wa tatu unageuka na kutua.

*Ukungu umetoka bondeni, matunda yananing'inia kama taa;*
*mikono ya wazee imemenya, upepo wa Bwana unakausha.*
*Naam! Kilichokaza ulimi leo, kesho ni sukari mdomoni.*

Nimeridhika nalo. Baada ya chakula cha mchana nikalipeleka kwa Mama Noh, pamoja na wazo langu kwamba alitumie kama sala. Nilimkuta ghalani na mke wangu, wamekaa juu ya magunia, maganda yakianguka mapajani mwao kama utepe.

"Mwalimu amekuja na karatasi," akasema Mama Noh bila kuinua kichwa. "Ndugu yangu, mumeo haji kumenya. Anakuja kusahihisha."

"Dada, ndiyo alivyo," akasema mke wangu. "Hata nikikohoa ananiambia nimalizie vizuri."

Nikalisoma. Kisu cha Mama Noh kikaendelea kuzunguka hadi ganda likatoka zima.

"Zuri," akasema. "Limeandikwa na mtu aliyeshiba."

"Tatizo liko wapi?"

"Hapo kwenye sukari." Akalitundika tunda kwenye kamba yake. "Jaeu hakuwa persimoni, Mzee Pyo. Mtu haanikwi akawa mtamu."

Mke wangu alinitazama kwa jicho ambalo wanaume waliooa miaka mingi wanalielewa. Nikakunja karatasi, nikachukua kisu. Nimekata kidole gumba.

Oktoba 25, Jumamosi. Baridi na jua.

Hali nzuri ya kuanika. Kidole kinauma.

Oktoba 29, Jumatano. Jua.

Nimeandika jingine kwa ajili ya Mama Noh, la kufariji: ndani yake mna mchungaji, mwanakondoo na lango la dhahabu. Ni sahihi kabisa katika vipimo vyote. Amelisoma mara mbili, akalikunja mara nne, akalisukuma chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba. Akaijaribu meza kwa kiganja.

"Haya. Sasa limenisaidia."

Nimerudi nyumbani na kumweleza mke wangu. Alicheka hadi akakaa chini. Nami nasema kama alivyosema yeye: afadhali mwanamke mwenye kejeli kuliko mwanamke aliyezimika. Bado nina tumaini naye.

Novemba 2, Jumapili. Joto lisilo la kawaida.

Watu wamekuja kanisani bila makoti, wakifurahi. Wenye persimoni hawafurahi.

Novemba 4, Jumanne. Mvua.

Novemba 5, Jumatano. Mvua, na joto.

Upepo hakuna. Mke wangu amegeuza matunda yetu machache. Yametoa madoa.

Novemba 6, Alhamisi. Mvua.

Alfajiri kanisani watu wameomba upepo. Shemasi Eom aliuomba kwa jina la kila kaya. Mbele yangu mgongo wa Mama Noh umenyooka kama ubao.

Novemba 7, Ijumaa. Mvua, kisha ukungu mzito.

Ninaandika haya jioni, viatu vyangu vikiwa vimewekwa kwenye sakafu inayopashwa moto kwa chini ili vikauke.

Baada ya kifungua kinywa mke wangu aliitwa kwa simu, akaniita tu kwa jina la mtoto wetu, kama kawaida yake, "Baba Gihyeon, vaa." Tulipofika ghalani kwa Mama Noh nilisikia kabla sijaona. Ilikuwa sauti laini ya kitu kilicholainika kikiachia kamba na kupiga sakafu. Kisha nyingine. Kisha nyingine upande ule wa giza. Feni zilikuwa zikizunguka zote na kupuliza unyevu ule ule huku na kule. Kamba nyingi zilikuwa zimebaki na vikonyo peke yake. Chini palikuwa na rojo ya rangi ya chungwa, na ukungu wa kijani ulikuwa umeanza kuota juu ya yale yaliyoanguka jana.

Mama Noh alikuwa amepiga magoti katikati, ndoo kando yake, akiokota. Hakutusalimu. Mke wangu akapiga magoti pia, nami nikafuata, ingawa magoti yangu hayaafiki. Tuliokota pamoja. Kila tulipoinua moja, jingine lilianguka nyuma yetu.

Halafu moja likamwangukia yeye begani.

Akaacha kuokota. Akalitazama lile tunda likiteleza kwenye sweta yake. Akainua uso, hakututazama sisi, alitazama juu, kwenye mbao za paa, akapaza sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu majira ya kuchipua:

"Na haya pia? Mwana mmoja ulinipa, mmoja tu, ukamchukua mavuno hayajafika! Sasa na matunda ya miti aliyoipogoa mwenyewe! Unayaangusha mbele yangu nikiokota kwa magoti! Unataka nini tena? Sema! Uko huko au hauko?"

Akalia. Mke wangu akamshika, wakayumba pamoja katika ile rojo kama watu walio ndani ya mtumbwi.

Mimi nilibaki na ndoo. Nimekuwa mzee wa kanisa kwa muda mrefu, na ningeweza kutaja mara moja vifungu vya kumkanya mtu anayesema na Mungu hivyo. Havikunijia kinywani. Kilichonijia ni hiki, na nakiandika bila wasiwasi: amesema *ulinipa*. Amesema *unataka nini*. Tangu Jaeu afe, huyu mama alikuwa akitusemesha sisi tu, tena kwa kejeli. Leo ametupita, amesema na mwingine. Hakuna mtu anayegombeza nyumba tupu.

Machozi yalipopungua alijifuta kwa mkono wa sweta, akajipaka rangi ya chungwa usoni.

"Mzee, umesikia nilivyokufuru," akasema. "Nenda kaniandike kwa wazee wa kanisa."

"Nimesikia sala," nikasema.

"Acha hizo."

"Mimi si mtu wa kubembeleza, Mama Noh. Ninyi wawili ndio mnaosema hivyo kila siku. Ingekuwa kufuru ningekwambia."

"Hilo ni kweli, Dada," mke wangu akasema. "Hana huruma kabisa."

Akacheka kidogo, cheko lililochanganyika na kwikwi. Tukaendelea kuokota.

Novemba 8, Jumamosi. Upepo umegeuka, baridi.

Umechelewa. Hata hivyo umekuja. Yaliyobaki kwenye kamba yatapona.

Nimekaa na mashairi yangu yote ya Shukrani, tangu mwaka wa kwanza. Nimeyasoma moja baada ya jingine, kama nilivyokuwa nikisoma insha za wanafunzi. Hayana kosa, na yote yanamhusu Mungu. Nimetafuta hata moja linalosema naye, nimekosa.

Novemba 9, Jumapili. Baridi kali.

Baada ya ibada tulikutana chumba cha wazee. Shemasi Eom alikuja kwa niaba ya kina mama, mikono ikinuka vitunguu saumu.

"Hatuna ubaya naye," alisema. "Tunamhurumia. Lakini siku ile mimbari itajaa mchele, maboga na matufaha. Wageni watakuja kutoka mjini, na wajukuu. Mtu akisimama pale akaanza kuuliza Mungu yuko wapi, watoto watafikiri nini?"

Mchungaji Tak aligeuza kalamu vidoleni. Ni kijana mwema, na wema wake humkimbiza mbele ya kila ugomvi. "Labda apumzike mwaka huu, Mzee. Watu wanakuja kushukuru."

"Naye anakuja," nikasema.

"Ndiyo, lakini kama hana shukrani..."

"Mchungaji, alfajiri zote tangu wakati wa kupanda mpunga mama yule amekuja kukaa mbele ya mtu ambaye hasemi naye. Wewe ungekaa? Mimi nisingekaa. Hiyo ni imani kubwa kuliko yangu, na sisemi hivyo ili nionekane mnyenyekevu. Unajua mimi si mnyenyekevu. Jina lake halifutwi."

"Na akisema maneno mabaya?"

"Tutayasikia. Tumezoea kumpelekea Mungu maboga yaliyofutwa vumbi. Mara moja tu apelekewe na yaliyoanguka."

Mchungaji akasema basi, na iwe hivyo, ila niitazame sala kabla. Nikakubali. Kutazama ndiyo kazi niliyosomea.

Novemba 12, Jumatano. Baridi, jua safi.

Mama Noh amekuja mwenyewe, amebeba sahani ya persimoni zilizopona, bado laini katikati. Mke wangu akaleta chai ya shayiri.

"Nimeambiwa umenitetea," akasema. "Nani alikutuma? Mimi sitasimama pale kusema asante kwa mdomo wa uongo."

"Usiseme asante."

Akanitazama kana kwamba nimevua kofia nikaonekana nina pembe.

"Sema ulichosema ghalani," nikaendelea. "Nimekiweka katika mistari mitatu. Sikuongeza uzuri wowote."

Nikampa. Mstari wa tatu niliuacha mtupu.

"Hapa je?"

"Sikujua. Mstari wa tatu ndio unaogeuka, nami siwezi kukugeuza. Nilijaribu mara mbili. Shairi moja liko chini ya meza yako."

"Hilo halitoki," akasema. "Meza imetulia."

Alikizungusha kikombe kwa mikono miwili. Mke wangu alitaka kusema neno, nikamwonyesha kwa macho asiseme, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu akanitii. Nje kunguru wa milia walikuwa wakigombania matunda tuliyowaachia kileleni mwa mti.

Kisha Mama Noh akasema mstari wa tatu. Aliusema polepole, kama mtu anayetoa mwiba. Nikauandika. Sikubadilisha hata herufi moja.

Nimekuwa nikifundisha kwamba shairi la ibada ni toleo, huletwa mezani likiwa safi. Nalisahihisha hilo leo. Shairi la ibada ni kumtazama mtu usoni. Ndiyo maana lina vipimo: macho yasikwepe kabla halijaisha.

Novemba 15, Jumamosi. Jua.

Tumepamba mimbari. Eom ameleta boga kubwa kuliko mjukuu wake.

Novemba 16, Jumapili ya Shukrani ya Mavuno. Jua, hakuna upepo.

Kanisa lilijaa. Mchele kwenye magunia mapya, matufaha yaling'arishwa kwa kitambaa, boga la Eom katikati kama mwenyekiti. Mama Noh alivaa nguo yake ya kijivu ya kitamaduni, aliyovaa harusini kwa Jaeu. Alipoitwa alipanda polepole, akaiweka karatasi, akaishika mimbari kwa mikono miwili.

Sisi tuna desturi, na anayesoma haya miaka ijayo aielewe: mwenye kuomba akinyamaza kidogo kuvuta pumzi, kanisa lote huitikia amina kwa nguvu. Hatungoji kupima maneno. Pumzi ikikatika, amina inatoka, kama mguu unavyoruka daktari akipiga goti.

Tukainamisha vichwa, tukafumba macho. Akasema:

"Bwana, mwana mmoja ulinipa, ukamchukua mavuno hayajafika."

Akavuta pumzi.

"AMINA!" kanisa lote likaitikia, kwa furaha, kama ilivyo kila mwaka. Sauti ya Eom ilikuwa juu kuliko zote.

Halafu tukasikia tulichoitikia.

Nilifumbua macho, jambo ambalo nimewakataza watoto wa Shule ya Jumapili maisha yangu yote. Mchungaji alikuwa amepauka. Eom ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Mtoto mmoja aliuliza, "Bibi, kwa nini tumesema amina?" akafinywa. Mke wangu akanikamata mkono, kucha zikaingia.

Mama Noh naye alikuwa amefumbua macho. Alitutazama sote, safu kwa safu, bila haraka. Nilifikiri atashuka. Kama angeshuka asingepanda tena, hapo wala pengine; hilo nililijua, na nilijua kwamba hapakuwa na neno langu lolote lililoweza kulizuia.

"Mmesema amina," akasema, kwa sauti yake ya kawaida ya jikoni. "Basi ni kweli. Alimchukua. Kumbe nanyi mnajua."

Akarudi kwenye karatasi, lakini sasa sauti ilikuwa ile ya zamani, ile iliyokuwa ikinifunika.

"Ulinipa matunda, ukayaangusha sakafuni nikiyaokota kwa magoti."

Akavuta pumzi. Hakuna aliyeitikia. Aliningojea, au alitungojea sote; alisimama tu, pumzi ikiwa imekatika, na mahali pa amina pakabaki wazi mbele yetu.

Eom ndiye aliyeanza. Ilikuwa sauti ndogo, iliyolowa, ambayo nisingeijua kuwa yake.

"Amina," akasema.

Nami nikasema. Kisha Mchungaji, kisha upande wa wanaume, kisha safu za nyuma, moja moja, kila mtu kwa wakati wake, kama watu wanaonyanyua jeneza na kutafuta mabega yao yakae sawa.

Mama Noh alitikisa kichwa kukubali. Kisha akasema mstari wa tatu bila kuutazama:

"Basi! Kama uko, nitazame. Kwa maana mimi bado nakutazama."

Hapo amina ilikuwa moja.

Nilidhani amemaliza, karatasi ilikuwa imekwisha. Yeye akaikunja, akaendelea. Alimwambia Mungu habari za trekta. Alimwambia kwamba koti la Jaeu bado liko msumarini na hajui alifanye nini. Alimwambia upepo ulichelewa, kwamba mwenye upepo ni Yeye, na kwamba angependa maelezo. Kila aliponyamaza tulimwitikia, na sasa tulisikiliza kwanza. Mwishoni akasema, "Miguu imechoka. Yaliyobaki nitakuambia kesho alfajiri. Katika jina la Yesu."

Baada ya sala huja shairi langu. Nilisimama nikiwa na lile la taa na sukari mfukoni. Nikasema, "Shairi la mwaka huu mmeshalisikia," nikakaa. Mke wangu anasema ndilo bora nililowahi kutoa.

Chakula cha mchana kilikuwa wali wa mavuno mapya na supu ya soya iliyochachushwa. Eom alimjazia Mama Noh bakuli hadi likamwagika.

"Mama Mfariji, ile amina ya kwanza... mimi sikuwa nasikiliza. Nisamehe."

"Najua hukuwa unasikiliza. Lini umewahi kusikiliza?"

"Na ile ya pili?"

Mama Noh akanywa supu kwanza. "Ya pili niliisikia," akasema. "Nipe kimchi. Ile uliyotia chumvi, siyo ile uliyoikosea."

Novemba 17, Jumatatu. Baridi kali, nyota bado ziko.

Tumefika kanisani alfajiri, mke wangu nami, tukidhani tumewahi. Viatu vya Mama Noh vilikuwa mlangoni, na ugomvi wake na Mungu ulisikika hadi uani.

Tumeketi nyuma yake. Sikuweza kuisikia sauti yangu mwenyewe.